Fungu la Kuhamisha Bhagot

Dhanvanti Jishtu alikuwa mkuu wa kitengo cha bajeti katika wizara ya fedha ya jimbo letu, na mimi nilikuwa karani wake. Meza zetu zilitazamana, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe baadaye, kipande kipande, maana hakuwa mtu wa kumwaga moyo wote kwa siku moja.

Dirisha lake lilielekea kwenye mierezi. Karibu na kiti aliweka fimbo ya mwanzi kwa ajili ya tumbili, kwani tumbili wa mji huu hawana adabu. Ukigeuka kidogo, mmoja ameshabeba chapati yako na mwingine amekaa juu ya faili anajikuna. "Lachhu," alikuwa akiniambia, "huyo aliyekalia faili la barabara mwache. Labda yeye ataelewa kilichoandikwa."

Alitania hivyo bila kucheka. Hakuwahi kuolewa, na sikuwahi kumsikia akilalamikia jambo hilo. Kwao ni Bhagot, kijiji cha bonde la juu, ambako barabara huishia na mtu akamalizia safari kwa miguu kando ya mto. Baba yake aliuza nyumbu ili binti aende chuo, kijiji kizima kikamcheka mzee kwamba ameuza miguu minne kununua kalamu moja. Dhanvanti alipopata kazi serikalini, wale wale waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kubisha hodi ofisini. Huyu anataka mwanawe aandikwe kazi, yule anataka bomba la maji. Wote walimwita shangazi, kwa kuwa alikuwa binti wa kijiji.

"Shangazi, si wewe unayeshika ufunguo wa hazina?"

"Ninashika ufunguo wa kabati la majani ya chai," aliwajibu. "Hata huo, Lachhu anao mwingine."

Wakacheka, wakanywa hiyo chai, wakarudi bondeni bado wanaamini kwamba ufunguo anao ila hataki kuutoa.

Mwaka ule bajeti ilipita bungeni mwezi Machi kama kawaida. Kila idara ilikuwa imeshajua fungu lake. Kulikuwa hata na jambo la kufurahisha ndani yake: wapishi wa shule, wale wanawake wanaowapikia watoto wali na dengu mchana, waliahidiwa nyongeza ya ujira, jambo walilokuwa wakililia kwa miaka. Dhanvanti mwenyewe ndiye aliyelipigania, mpaka katibu mkuu akachoka kumsikiliza akatia sahihi.

Kisha mvua zikaja. Katikati ya Agosti mawingu yalipasuka juu ya bonde la juu, na watu wa milimani wanajua hiyo si mvua tena, ni mto unaomwagwa toka juu. Ilikuwa asubuhi, wakati wa kukamua. Ubavu wa mlima ulio nyuma ya Bhagot ulimeguka ukateremka na miti yake ikiwa bado imesimama wima, ukafunika kitongoji cha chini chote, ukaingia mtoni. Nirmo, wifi yake Dhanvanti, alikuwa zizini na ng'ombe wake. Balkrishan, mdogo wake Dhanvanti na mume wa Nirmo, alikuwa amepanda shambani kuzibua mifereji ya matufaha. Alisikia ngurumo, akageuka kutazama nyumbani, na nyumba haikuwepo.

Habari zilitufikia mchana kwa simu ya polisi wa wilaya. Dhanvanti alisikiliza, akaiweka simu, akaendelea kusahihisha ukurasa uliokuwa mbele yake mpaka mstari wa mwisho. Kisha akasimama.

"Nakwenda nyumbani," akasema. "Angalia dirisha."

Alikwenda kwa basi, kisha kwa lori la jeshi, kisha kwa miguu, maana barabara ilikuwa imekatika kila penye kona. Waliosalia Bhagot aliwakuta wamejazana katika shule iliyo ng'ambo ya mto, wazee wamelala juu ya madawati, mama yake akiwa mmoja wao, wanawake wakikausha maharage mekundu sakafuni kwa sababu ndiyo yaliyookolewa. Balkrishan hakuwa humo. Alimkuta kule kwenye tope.

"Umekuja, dada."

"Nimekuja."

"Sijampata. Koleo lilivunjika, wanajeshi wamenipa jingine."

Alipomshika mkono alikuta viganja vyake vimechubuka vyote. Akalichukua lile koleo yeye, akachimba na viatu vyake vya ofisini, mpaka ofisa mmoja wa jeshi akaja kuwaambia kwa upole kwamba hapo tope lina kina kupita nyumba mbili, waache. Nirmo hakuonekana kamwe. Walichoma mwerezi mkavu kandokando ya mto badala ya mwili wake, kuhani wa kijiji akasoma sala, basi.

Kabla hajaondoka walifika wapima miamba wawili. Walitembea juu ya ubavu uliobaki, juu ya kitongoji cha juu, ambako nyumba bado zilisimama na watu wakitamani kurudi. Waliukuta ufa unaoingia mkono wa mtu hadi begani. Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye miwani, aliwaambia watu waziwazi.

"Huu mlima haujamaliza. Mvua za mwakani, au za mwaka unaofuata. Hapa si pa kukaa tena, ndugu zangu. Hameni."

"Tuhamie wapi?" Balkrishan akauliza. "Mfukoni mwako?"

Watu wote wa Bhagot waligeuka kumtazama Dhanvanti.

*

Aliporudi ofisini tulikuwa tumeshaanza kupunguza. Asiyefanya kazi hii hudhani serikali ina ghala mahali fulani, likija janga unafungua mlango. Hakuna. Mishahara, pensheni na riba ya mikopo ya nyuma hula sehemu kubwa kabla hujasema neno, na hivyo haviguswi. Kinachobaki ndicho cha maji, shule, hospitali na barabara, na katika hicho hicho ndimo ilibidi tupate pesa za madaraja yaliyochukuliwa na mto, waya za umeme, na fidia za waliokufa. Serikali kuu kule Delhi iliahidi ruzuku. Ahadi tuliiandika kwa penseli.

Katibu mkuu wa fedha alikuwa Bwana Ranganath, mtu wa kusini, mwembamba, aliyevaa sweta hata mwezi wa Juni na hakuzoea baridi yetu kwa miaka yote aliyokaa nasi. Aliwaita wakuu wa idara chumba cha mikutano. Kila mmoja alikubali kwamba lazima bajeti ipunguzwe, ila ya mwenzake.

"Barabara kwanza," alisema mhandisi mkuu. "Barabara isipofunguka, matufaha yataoza. Matufaha yakioza hakuna kodi. Na kodi isipokuwepo, nyinyi watu wa fedha mtakaa hapa mnapunguza hewa."

"Na watu walio mashuleni?" Dhanvanti aliuliza.

"Hao wana paa."

"Ni paa la watoto wa shule."

"Watoto watasoma nje, jua likitoka."

"Jua likitoka," Dhanvanti alirudia, akaandika. Mtu mmoja alicheka. Dhanvanti akamtazama mpaka akaacha.

Wiki zile alikonda. Alikuwa na vijiji saba vilivyoambiwa vihame na wapima miamba, Bhagot kikiwa kibaya kuliko vyote, na hapakuwa na fungu la kuhamisha hata kimoja. Alitafuta kila mahali. Alikata safari za maofisa, akakata magari mapya, akakata tamasha la majira ya baridi, na vyote pamoja havikutosha hata kununua ardhi. Jioni moja aliniita mezani kwake. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa wapishi wa shule.

"Hapa," akasema.

"Bi. Dhanvanti, hao si ndio uliowapigania?"

"Ndio maana najua pesa zipo. Najua kila rupia ilikotoka." Akasogeza kidole hadi kwenye tarehe. "Nyongeza inaanza Oktoba. Ikisogezwa mwaka mmoja tu, Lachhu. Mwaka mmoja. Hawatakufa."

"Na hawa wa Bhagot?"

"Hawa watakufa."

Mpaka leo sijui ningesema nini.

Alipopeleka pendekezo kwa katibu mkuu, nilikuwa nimebeba mafaili nyuma yake. Bwana Ranganath alisoma, akavua miwani.

"Bhagot. Si ndiko kwenu?"

"Ndiko, bwana. Ukitaka, ziba jina hilo kwa kidole, usome ripoti ya wapima miamba bila kujua ni wapi."

"Nimeshaisoma. Isingekuwa kwenu, ningeiweka mwenyewe. Kwa kuwa ni kwenu, watasema umejipakulia."

"Wakisema, waseme."

"Na hawa wanawake wa shule? Watasema nini?"

"Hao watakuwa na haki ya kusema."

Bwana Ranganath akavaa miwani tena, akatia sahihi. Bajeti ya nyongeza ikapita bungeni Septemba kwa kelele nyingi, na ndani yake mlikuwa na mstari mfupi: fungu la kuhamisha Bhagot na vijiji vingine sita.

*

Sitasahau siku wapishi walipokuja. Walipanda kilima toka stendi ya basi wakiwa na sufuria na pawa zao, wanawake wa makamo, wengi wajane, wakasimama chini ya madirisha yetu wakazipiga. Askari walifunga lango. Maofisa walifunga mapazia. Dhanvanti alivaa shali akashuka.

Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita mbuzi toka ng'ambo ya bonde, jina lake Rukmo.

"Wewe nani? Unakuja kutuambia waziri yuko safarini?"

"Mimi ndiye niliyeiondoa nyongeza yenu."

Sufuria zilinyamaza. Sidhani walitegemea hilo. Walizoea kuambiwa kwamba jambo liko kwenye kamati.

"Mlima umeanguka, mama," Dhanvanti akasema. "Kuna vijiji vinahitaji kuhama kabla ya mvua zijazo. Nimechukua kwenu nikapeleka huko. Mwakani nitairudisha."

"Mwakani!" Rukmo akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mlima umeanguka kwao, mawe wanatutwisha sisi. Kwani mhandisi wenu amepunguziwa nini? Na wabunge, wamekatwa posho?"

"Kidogo."

"Kidogo kama nini? Kama chumvi?" Watu wakacheka, hata askari. Rukmo hakucheka. "Sikiliza, binti. Mimi nawapikia watoto wa watu, kisha naenda nyumbani nakuta wangu nimewabakizia ukoko. Nilimwambia binti yangu Oktoba atarudi chuo. Nimwambie nini sasa? Nimwambie chuo chake kiko chini ya mlima?"

"Mwambie ukweli. Mwambie ni mimi."

"Jina lako nani?"

Akamwambia. Rukmo alilirudia polepole, kana kwamba anaonja chumvi ya mchuzi, kisha akapiga sufuria yake mara moja, kwa nguvu, karibu kabisa na uso wa Dhanvanti, akageuka akashuka kilima, na wenzake wakamfuata.

Bhagot nao walikuwa na sherehe yao. Ofisa ardhi alikuwa amewaonyesha uwanda wa msitu, ng'ambo ya mto na juu kidogo, mahali pagumu pasipo ufa. Balkrishan alikuja mjini na kikapu cha matufaha yaliyookotwa, yaliyo na makovu, maana mazuri yaliozea njiani. Alikuwa amenyoa ndevu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Tumegawana viwanja kwa kamba, dada. Cha kwangu kiko karibu na chemchemi. Wewe tumekuwekea chako."

"Mimi cha nini? Nina chumba cha serikali."

"Utastaafu, ukae wapi, kwa tumbili?"

Alicheka, na Dhanvanti naye akacheka. Kisha akaacha.

"Balku, msianze kitu. Ardhi ile ni ya msitu. Lazima kibali kitoke Delhi kwanza ndipo pesa ziende."

"Kibali si kitatoka?"

"Kitatoka."

Alisema hivyo kwa sababu aliamini. Na Balkrishan alisikia neno moja tu kati ya yote aliyoambiwa, kama sisi sote tunavyosikia.

*

Kibali hakikutoka Oktoba. Novemba waliomba ramani nyingine. Desemba ofisa wa msitu aliyekuwa akishughulikia jambo hilo alihamishwa, na aliyekuja akaanza upya. Wakati huo huo wageni wanaokuja kuangalia theluji hawakuja, kwa kuogopa barabara zetu, na hoteli zikafunga. Kodi ya matufaha ilikuwa kama mhandisi alivyosema. Januari ruzuku ya Delhi ikafika. Bwana Ranganath alikuja mwenyewe chumbani kwetu na karatasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaiweka mezani kwa Dhanvanti. Ile tuliyoiandika kwa penseli ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko hiyo.

Mwezi wa Februari mishahara ilichelewa. Manesi wa hospitali ya wilaya waligoma nusu siku. Waziri wa fedha akaamuru: fungu lolote ambalo halijatumika lirudi hazina mara moja.

"Fungu la kuhamisha halijatumika," Bwana Ranganath akasema.

"Halijatumika kwa sababu serikali hiyo hiyo haijatoa kibali," Dhanvanti akajibu. Sikuwahi kumsikia akiongea na mkubwa kwa sauti ile. "Tumewafunga mikono, sasa tunawauliza mbona hamkula?"

"Najua."

"Bwana, mvua ni Julai."

"Najua, Dhanvanti. Lakini mshahara wa manesi ni kesho. Msitu unaweza kungoja, sindano haiwezi. Niambie pa kuchukua pengine, nitachukua sasa hivi mbele yako."

Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anauliza kweli, amesimama pale na sweta yake, na alingoja jibu. Dhanvanti aliyajua mafungu yote ya jimbo lile kama mtu anavyojua vyumba vya nyumbani kwake, akayapitia kichwani moja moja. Kisha akanyoosha mkono, nikampa karatasi, na akaandika yeye mwenyewe barua ya kuliondoa fungu. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri uleule. Alipomaliza aliuliza:

"Na wapishi? Wao wanarudishiwa?"

"Hakuna kinachorudi kwa yeyote, hata katika bajeti ya mwezi ujao," katibu mkuu akasema.

Nyongeza ilikwishaondoka kwao, na kule ilikopelekwa haikufika.

Alikataa kuwapigia simu Bhagot. Alisema habari hii lazima iende na mwenyewe. Nilimwomba ruhusa nimsindikize, kwa kuwa theluji ilikuwa bado nzito, akakubali kwa kutikisa kichwa.

Tulipovuka mto hatukwenda shuleni. Balkrishan alitupokea njiani akatupandisha moja kwa moja uwandani, anatembea mbele haraka, hataki kutuambia kitu. Tulipofika tulielewa. Walikuwa wamebomoa nyumba zao. Zile nyumba za kitongoji cha juu zilizokuwa zimesalia, walivua mapaa ya mawe, wakang'oa boriti za mierezi ambazo babu zao waliziweka, wakazibeba mabegani, wanaume na wanawake, wakazivusha kwa daraja la kamba. Boriti zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya theluji, kila rundo na kamba ya kiwanja chake.

"Tulisema tusipoteze majira ya baridi," Balkrishan akasema. "Pesa zikija, tunasimamisha tu. Hiyo ya kwako iko kule, dada. Nimekuchagulia boriti za baba."

Dhanvanti alipita kati ya marundo hadi kwenye boriti za baba yake.

"Pesa haziji, Balku."

"Zimechelewa?"

"Haziji. Zimechukuliwa. Nimeandika mimi mwenyewe."

Watu walikuwa wamekusanyika. Bibi mmoja mzee wa kitongoji cha juu aliuliza kwa sababu hakusikia vizuri: "Anasema nini shangazi?" Mtu akamwambia sikioni. Yule bibi akasema, "Basi turudishe mapaa," na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumjibu kwamba mapaa ya mawe yakishavuliwa, nusu ya mawe yake huvunjika.

Nilitegemea watamtukana. Afadhali wangemtukana. Balkrishan alikaa juu ya boriti.

"Ulituambia tusianze kitu," akasema. "Ulisema. Mimi ndiye sikusikia."

"Twende mjini, Balku. Mama na wewe. Chumba changu kinatosha."

"Na hawa?"

Dhanvanti alifuta theluji juu ya boriti, akaketi kando yake.

Wakati tunarudi, basi letu lilisimamishwa mahali wanapojenga upya barabara. Pale pesa zilikuwapo. Mashine zilinguruma, lami ilikuwa inamwagwa. Mwanamke aliyeshika kibendera chekundu alisogea dirishani, akachungulia ndani.

"Madam wa bajeti!" Alikuwa Rukmo, amejifunga kilemba usoni kwa ajili ya vumbi. "Shuka uone pesa zenu ziliko. Hapa wanalipa kila Jumamosi."

"Umeacha kupika?"

"Tumeacha wengi. Huku nabeba kokoto, lakini nakula."

"Na watoto wa shule?"

"Wanapewa biskuti." Akamchungulia vizuri. "Vipi, kule mlimani? Wamehama?"

"Hawakuhama."

Nilidhani Rukmo atasema neno la kuchoma, maana alikuwa nalo, ulimi wake tuliujua. Alitazama tu uso wa Dhanvanti, akauliza, "Basi zile zetu zilikwenda wapi?"

"Mishahara."

"Ya nani?"

"Ya manesi. Na yangu."

Kibendera cha upande wa pili kikashushwa, dereva akatia gia. Rukmo alirudi nyuma, akatupungia tupite kama anavyopungia magari yote.

*

Mvua zilipokuja Julai, ubavu wa mlima ulishuka jinsi mpima miamba alivyosema, ila polepole, siku nyingi, ukichukua mti leo na ukuta kesho. Hakufa mtu. Walikuwa wamejifunza kulala shuleni. Lakini mashamba ya matufaha yote yalikwenda, na chemchemi ikabadili njia, na mlinzi wa msitu alikuwa ameshaamuru boriti ziondolewe uwandani. Waliziuza kwa mwenye hoteli wa mjini kwa bei ya kuni. Bila matufaha hapakuwa na sababu ya kukaa. Wengine walikwenda tambarare kuwa walinzi wa usiku, wengine wakaenda kuchuma matufaha ya watu wengine katika bonde jingine. Yule bibi mzee alibaki shuleni mpaka mwalimu akamwomba radhi, kwamba madarasa yanahitajika.

Balkrishan alikuja kukaa na dada yake pamoja na mama yao. Alipata kazi ya kuelekeza magari kwenye maegesho karibu na kanisa la zamani. Mtu aliyekuwa akikata matawi ya mtufaha kwa jicho tu, bila kupima, sasa alikuwa anawaambia wageni warudi nyuma kidogo, kidogo tena, simama.

Bwana Ranganath alirudishwa kusini, na aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana mwenye haraka. Machi iliyofuata, tulipokuwa tunapanga bajeti mpya, alikuta Dhanvanti ameurudisha mstari wa vijiji vya kuhamishwa, saba vyote.

"Hiki cha kwanza, Bhagot. Nimetazama takwimu za wilaya. Hakuna wakazi."

"Wapo, bwana. Wametawanyika."

"Waliotawanyika tunawahamisha toka wapi kwenda wapi?"

Dhanvanti alijaribu kueleza. Nilimwona anajaribu, alitaja uwanda, akataja chemchemi, akataja kwamba wangerudi kama pangekuwa na pa kurudi. Yule kijana alisikiliza kwa adabu, akitazama saa.

"Tuweke vijiji sita," akasema.

Wakaweka vijiji sita, na hivyo sita navyo vilikatwa Septemba. Nyongeza ya wapishi aliiandika tena, akapewa nusu, nayo ikaja imechelewa. Rukmo hakurudi jikoni.

Dhanvanti alistaafu mwaka mmoja baadaye. Tulimfanyia chai na keki, mtu akasoma hotuba kuhusu uaminifu wake, na yeye akasema ahsante, hakuongeza. Siku hizi nikipita maegesho ya kanisani jioni humkuta pale, amemletea mdogo wake chai katika chupa, wamekaa juu ya ukuta mfupi. Hunikaribisha, nami huketi. Mara nyingi huwa hatuongei habari za ofisini. Juzi Balkrishan aliniuliza kama ni kweli wapima miamba wamefika bonde lingine.

"Ni kweli," nikamwambia.

"Wamewaambia wahame?"

"Wamewaambia."

Alimtazama dada yake. Dhanvanti alikuwa anafunga kizibo cha chupa. Gari likapiga honi, Balkrishan akasimama kwenda kulielekeza.